ARBITRI WETU ANASOMA KITABU GANI?



Tangu ile machi ya Jumamosi kati ya wa tatu pedagojia na wa nne biolojia-kemia, mu masomo yetu hakuna habari nyingine. Chini ya miembe, kwenye bomba la maji, hata asubuhi kabla ya ibada kuanza, watu wanabishana paka juu ya filimbi. Wengine hawasalimiani tena. Wavulana wawili wanaolala chumba kimoja wamegawanya hata ndoo ya maji. Na yote hayo kwa sababu ya robo ya fainali ya madarasa, si kombe la Afrika.

Sisi tunaoandika tuko wanne. Wawili ni wa pedagojia, wawili ni wa biolojia-kemia. Kwa hiyo mtu asiseme tunatetea darasa letu. Jumamosi tulipiga kelele pande mbili mbalimbali. Leo tunaandika pamoja, kwa sababu tumechoka kubishana bila kujua tunabishania nini, na kwa sababu mwanafunzi mmoja anateseka kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kwanza tueleze yaliyotokea, kwa wale ambao hawakuwapo.

Jambo la kwanza. Mlinzi wa goli wa pedagojia alianzisha mpira kutoka golini, akampa mwenzake aliyesimama karibu, ndani ya eneo la penalti. Arbitri akapiga filimbi: rudia, mpira haujatoka katika eneo. Kapteni akamwendea, akasema, "Mwalimu, ile sheria ilibadilika." Arbitri akajibu, "Mimi niko na kitabu." Wakarudia. Baada ya robo saa ikawa vile vile. Kapteni akasema tena, akapewa karti ya manjano.

Jambo la pili. Dakika za mwisho, wako moja kwa moja. Mtu wa biolojia alipiga shuti, mpira ukamgonga mwenzake kwenye mkono, ukaanguka mbele ya mguu wake, naye akaufunga palepale. Arbitri akaonyesha katikati ya kiwanja: goli. Pedagojia wote wakainua mikono. Arbitri akasema, "Hakukusudia." Machi ikaisha mbili kwa moja.

Jambo la tatu njo lenye kuumiza. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu waliingia kiwanjani, wachezaji na wasiocheza. Mu ile fujo mguu wa mtu ulimpiga arbitri nyuma ya paja. Arbitri akageuka kwa hasira. Aliyekuwa karibu naye ni beki mmoja wa pedagojia, mvulana mpole ambaye sote tunamjua. Akatolewa karti nyekundu. Alisema mara mbili tu, "Haiko mimi, mwalimu," kisha akanyamaza. Tuliokuwa nyuma ya goli tuliona kwamba haikuwa yeye. Jezi ya mguu ule haikuwa hata ya pedagojia. Ulikuwa mguu wa mtu asiyecheza.

Siku ya Jumatatu hukumu ikasomwa. Amekatazwa mpira mpaka mwisho wa trimestri, tena haruhusiwi kuingia darasani mpaka mzazi wake afike. Mzazi wake yuko Moba. Kila mmoja anajua safari ya Moba ni nini: ni boti, ni upepo wa ziwa, ni pesa ambayo mvuvi haipati kwa usiku mmoja. Mitihani inakaribia. Yeye anakaa nje kwenye ngazi, anaandika masomo kwa kusikiliza dirishani.

Tulipofikiri juu yake, tulikumbuka jambo ambalo wazee wetu wanalisimulia sana, na vijana wengi wanalijua vibaya.

Tarehe 18 Juni 1974, mu mji wa Gelsenkirchen huko Ujerumani, timu yetu ya taifa, wakati ule ikiitwa Zaire, ilicheza na Yugoslavia mu Kombe la Dunia. Machi iliisha tisa kwa sifuri. Watu wanacheka ile tisa, lakini hawaulizi yaliyotokea baada ya goli la nne, zaidi kidogo ya dakika 20 tangu machi ianze. Wachezaji wetu walimzunguka arbitri, Omar Delgado wa Kolombia, kulalamika. Mu ule msongamano Ilunga Mwepu alimpiga arbitri teke kwa nyuma. Arbitri akageuka, akamtolea karti nyekundu Mulamba Ndaye. Mwenye kosa akabaki kiwanjani, asiye na kosa akatoka. Tena si mchezaji wa hivihivi: Mulamba, mu Kombe la Afrika la mwaka ule ule wa 1974, alikuwa amefunga magoli 9, hesabu ambayo hakuna mwingine aliyeifikisha mu kombe moja. Siku nne baadaye, tulipocheza na Brazili, hakuwa kiwanjani. Mulamba alifariki mwaka 2019, na Mwepu mwaka 2015. Mpaka leo, mu vitabu vya Kombe la Dunia, ile karti nyekundu imeandikwa kwa jina la Mulamba.

Je, si ni jambo lile lile lililotokea kwetu Jumamosi? Mguu kutoka nyuma, arbitri anageuka, mtu wa karibu analipa. Mbali ya hapo kuna tofauti moja. Ya mwaka 1974 haiwezi kurekebishwa tena. Ya kwetu inaweza.

Sasa turudi kwenye yale mawili ya kwanza. Nani alikuwa na haki? Tulitafuta sheria yenyewe, tukaisoma pamoja sote wanne, na majibu yalitupa haya.

Juu ya mpira wa golini, kapteni wa pedagojia alisema kweli. Tangu mwaka 2019 si lazima mpira utoke katika eneo la penalti. Ukipigwa tu na kusogea, mchezo umeanza. Zamani ilikuwa lazima utoke. Arbitri wetu alifuata sheria kwa uaminifu, lakini ile ya zamani.

Juu ya mkono, hata pale pedagojia walikuwa na haki. Tangu mwaka 2019, mchezaji akifunga palepale baada ya mpira kumgusa mkono wake mwenyewe, goli halihesabiwi, hata kama hakukusudia. Lakini msifurahi upesi, ndugu wa pedagojia! Jioni ile mlikuwa mnasema kwamba mkono wa mchezaji yeyote wa timu, hata wa yule aliyetoa pasi, unafuta goli. Hiyo iliandikwa kweli mwaka 2019, lakini mwaka 2021 iliondolewa. Siku hizi mkono usiokusudiwa unafuta goli kama ni wa mfungaji mwenyewe tu. Kwa hiyo arbitri alikuwa na kitabu cha kabla ya 2019, pedagojia walikuwa na kitabu cha 2019, na biolojia hawakuwa na kitabu chochote, walikuwa na sauti tu. Filimbi moja, na kila mtu na sheria yake. Namna gani pasiwe na vita?

Hapa njo tunapotaka kusema malalamiko yetu wazi. Sheria za mpira zinabadilika sana siku hizi, na habari yake haitufikii, ama inatufikia nusu nusu.

Ni nani anazibadilisha? Ni baraza moja linaloitwa IFAB, lililoanza mwaka 1886. Linakaliwa na mashirika manne ya kule visiwani: Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kila moja na kura 1, pamoja na FIFA yenye kura 4. Kura 6 kati ya 8 zikikubali, sheria imebadilika, kuanzia London mpaka kiwanja chetu chenye magoli ya miti. Inaanza kazi mwezi wa sita ama wa saba. Sisi tunaijua lini? Siku ile mtu anapoona jambo geni mu televisheni ya jirani mwenye jenereta, anakuja kulisimulia kesho yake, na mwenye kusikia analisimulia kwa mwingine. Ikifika kiwanjani imekwisha kuwa hadithi.

Hatusemi kwamba kubadilisha sheria ni vibaya. Mengine yalikuwa na maana kubwa. Zamani, ili mtu asiwe ameotea, yaani asiwe orije, ilimlazimu kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 wakapunguza kuwa wawili, na mu daraja la kwanza la Uingereza magoli yakapanda kutoka 1.192 mpaka 1.703 kwa mwaka mmoja. Mu Kombe la Dunia la 1966, mu machi ya Uingereza na Argentina, arbitri Mjerumani alimfukuza kapteni wa Argentina, na kapteni hakutaka kutoka. Hawakuelewana kwa lugha. Kwa ajili ya mambo ya namna ile Mwingereza Ken Aston akawaza zile rangi za taa za barabarani, na mwaka 1970 kule Meksiko karti ya manjano na nyekundu zikaanza. Tangu siku ile hata kiziwi anaelewa ameadhibiwa. Mwaka 1992 wakamkataza mlinzi wa goli kushika kwa mikono mpira anaorudishiwa kwa mguu na mwenzake, kwa sababu watu walichoka kuona mlinzi anakumbatia mpira kama mtoto ili saa ipite. Haya yote yalikuwa mazuri, na tena yanaeleweka kwa mtu yeyote.

Lakini angalieni ya siku hizi. Mkono ulibadilishwa mwaka 2019, ukafafanuliwa tena mwaka 2020, ukabadilishwa tena mwaka 2021. Wachezaji wa kubadilishwa walikuwa watatu. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wakawa watano kwa muda. Mwaka 2022 watano wakawa sheria ya kudumu. Mlinzi wa goli alikuwa na sekunde 6 za kushika mpira; tangu mwezi wa saba 2025 ni sekunde 8, na akizipita wapinzani wanapata kona. Mkulima akibadilisha mbegu kila msimu, atajuaje ipi ilimpa mavuno? Mtu wa kijijini mwenye filimbi, asiye na kitabu kipya, atafanya nini? Atapiga filimbi kwa ile aliyofundishwa wakati wa ujana wake. Hatuwezi kumhukumu kama mwizi.

Wengine wanasema, "Kwa wenzetu kuna mashine ya video, ile VAR, hakuna mashindano tena." Ndugu, hapana. Tarehe 31 Mei 2019, mu fainali ya vilabu vya Afrika kule Radès, Tunisia, goli la Wydad ya Moroko lilikataliwa. Wachezaji wakaomba video iangaliwe. Mashine ilikuwa haifanyi kazi! Wakakataa kuendelea, na fainali ikaisha kabla ya wakati wake. Na tarehe 18 Januari 2026 kule Rabat, mu fainali ya Kombe la Afrika kati ya Senegali na Moroko, mashine ilikuwa nzima. Arbitri alikuwa ndugu yetu Mukongomani, Jean-Jacques Ndala, jambo ambalo lilitupa furaha sote. Dakika za nyongeza akakataa goli la Senegali, halafu baada ya kuangalia video akatoa penalti kwa Moroko. Wasenegali wakatoka kiwanjani, mchezo ukasimama zaidi ya dakika kumi. Waliporudi, ile penalti ikadakwa, na Senegali wakafunga mu dakika za kuongeza. Kesi yake ikaenda mpaka kwenye ofisi za CAF. Mashine inaonyesha picha tu. Kuhukumu bado ni kazi ya mtu.

Na mtu ni mtu. Jirani yetu wa ng'ambo ya kusini, Janny Sikazwe wa Zambia, alikuwa arbitri mkubwa. Aliongoza fainali ya Kombe la Afrika ya mwaka 2017. Tarehe 12 Januari 2022, kule Kameruni, mu machi ya Tunisia na Mali, alipiga filimbi ya mwisho dakika ya 85. Akarudisha mchezo, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Dunia nzima ikamcheka na kusema amekula pesa. Baadaye ikajulikana kwamba jua lilikuwa limemzidi, akapelekwa kwa waganga. Angalikufa pale, wale waliocheka wangesema nini?

Hapa njo tunapofika kwenye kosa letu sisi wenyewe, wanafunzi. Jumamosi, kabla hata ya lile goli, upande wa pedagojia walikuwa wanaimba, "Balimupa makuta! Balimupa makuta!" Wawili kati yetu waliimba vilevile, na tunaungama. Nani aliona makuta? Nani aliyatoa? Kwa machi ya madarasa, ambayo mshindi wake anapata sanduku moja la sabuni?

Tunasema hivi: kiwanjani kuna magonjwa matatu, na sisi tunayaita yote kwa jina moja.

La kwanza ni kosa. Arbitri anajua sheria, lakini jicho lake halikuona. Kila mtu anakosa. Mu Kombe la Dunia la 1986 arbitri Mtunisia hakuona mkono wa Maradona, na goli likabaki. Dawa ya kosa ni kusamehe, na kurekebisha lile linaloweza kurekebishwa.

La pili ni kutojua. Arbitri ameona vizuri, lakini anatumia sheria iliyokufa. Dawa yake ni kufundisha. Wala ugonjwa huu si wa arbitri peke yake. Mchezaji, kapteni, mwalimu wa timu na mtazamaji wote wanaweza kuwa nao.

La tatu ni wizi. Arbitri anajua, anaona, na anapindisha. Huu upo, hatuuficyi. Mwezi wa kumi na moja 2016, mu machi ya Afrika Kusini na Senegali ya kutafuta Kombe la Dunia, arbitri Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti ya mkono wakati mpira ulikuwa umegonga goti. FIFA ikachunguza, mwaka 2017 ikamfungia maisha yake yote, na machi ikarudiwa, Senegali wakashinda. Dawa ya wizi ni uchunguzi na adhabu.

Sasa, mganga anayempa kila mgonjwa dawa moja, si ataua watu? Sisi tunampa kila arbitri dawa ya mwizi. Mwenye kukosa tunamtukana, asiyejua tunamwita mla rushwa, na siku mwizi wa kweli akija hatutamtambua, kwa sababu jina lake tumekwisha kulimaliza kwa watu wema.

Tena tumwangalie na arbitri wetu kwa haki. Anasimama saa mbili mu jua bila malipo. Hana watu wa bendera. Mistari ni ya majivu, na upepo wa ziwa unaifuta kabla ya mapumziko. Baada ya hapo anarudi kusahihisha daftari zetu. Tunamshukuru, na hili si neno la midomo tu. Lakini mwalimu huyu huyu ndiye aliyetufundisha kwamba kuuliza si ujinga. Kapteni aliuliza kwa adabu, akapata manjano. Tungefurahi kama siku nyingine arbitri atasema, "Leo tunaendelea na uamuzi wangu, Jumatatu tutaangalia kitabu pamoja." Heshima yake haitapungua. Itaongezeka.

Pengine mtu mkubwa atasema: hawa watoto wanataka kuhukumu wakubwa wao. Hapana. Tunajua neno la Mtume Paulo kwa Warumi juu ya kutii wenye mamlaka. Lakini mu Sheria ya Musa vilevile watu wa Israeli walikatazwa kubeba mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi, mu mfuko mmoja. Na Mezali inatukumbusha kwamba Mungu anachukia mizani ya uongo. Sheria mbili mu kiwanja kimoja ni mawe mawili mu mfuko mmoja, hata kama aliyeyabeba hakujua.

Kujua sheria si jambo dogo kwetu Waafrika, na tunalo fundisho lake. Mu ile machi na Brazili ya 1974, Ilunga Mwepu alitoka mu ukuta akapiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga faulo yao. Akapata manjano. Miaka mingi watu wa Ulaya walicheka mbele ya ile picha: Mwafrika hajui hata sheria! Yeye alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri, na alifanya vile kwa uchungu wa mambo ambayo timu ilikuwa inatendewa na wakubwa. Lakini nani alimsikiliza? Watu wakikwisha kuamini kwamba hujui, hata ukijua hawakusikii. Kwa hiyo tujue, na ijulikane kwamba tunajua.

Basi, tusilie tu. Tunaomba mambo haya:

1. Mwanzo wa kila mashindano, sheria zilizobadilika ziandikwe kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili na Kifaransa, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ile karatasi njo itakuwa sheria yetu mpaka fainali. Kama IFAB wakibadilisha neno katikati, sisi tutabadilisha mwaka unaofuata.

2. Arbitri na makapteni wawili waisome pamoja kabla ya machi, dakika tano zinatosha.

3. Wanafunzi kumi wafundishwe uarbitri, wavulana na wasichana. Mtu asicheke kusikia wasichana. Salima Mukansanga, wa hapa jirani Rwanda, aliongoza machi ya Kombe la Afrika la wanaume mwezi wa kwanza 2022, mwanamke wa kwanza kufanya vile. Hawa kumi watashika bendera, na arbitri hatakuwa na macho mawili tu.

4. Arbitri asitoke mu darasa linalocheza, wala asiwe mwalimu msimamizi wa darasa lile. Si kwa sababu tunamshuku, ila kwa kumlinda na midomo.

5. Kapteni peke yake aongee na arbitri. Mwingine akimkaribia, manjano. Na mtazamaji akivuka mstari, darasa lake lipoteze pointi. Kama ingalikuwa hivi Jumamosi, mguu ule haungefika pale.

6. Matokeo ya Jumamosi yabaki. Ndiyo, ndugu wa pedagojia, yabaki, na wawili kati yetu ni wenu. Sheria ya tano inasema uamuzi wa arbitri juu ya yaliyotokea kiwanjani ni wa mwisho, goli ama si goli. Machi imekwisha. Tukianza kurudia machi kila kosa linapoonekana, tutacheza robo ya fainali mpaka likizo kubwa.

Lakini la saba tunaliweka peke yake, kwa sababu si la mpira. Ndugu yetu aliyeko nje ya darasa arudishwe. Hata FIFA yenyewe, mu kanuni zake za nidhamu, inakubali kwamba arbitri akimchanganya mtu na mtu mwingine, adhabu inaweza kuangaliwa upya. Goli halirudi, lakini adhabu ya asiye na kosa inaweza kuondolewa. Tunaomba Bwana Prefe na Direkta wa disipline watuite sisi wanne. Tutasema tuliyoyaona, kila mmoja peke yake, na wapime kama maneno yetu yanafanana. Mvuvi wa Moba asipande boti kuja kuomba radhi kwa jambo ambalo mtoto wake hakulifanya.

Jina la mwenye mguu ule hatuliandiki hapa. Gazeti si baraza la hukumu, na sisi pia tuna macho yanayoweza kukosa. Ila tunasema naye, kwa sababu tunajua atasoma.

Ndugu, wewe hukucheza siku ile. Uliingia kwa hasira, ulifanya kwa sekunde moja, ukarudi nyuma ya watu. Tunaelewa. Hasira ile ilikuwa yetu sote, na kelele zetu njo zilikusukuma. Lakini tangu Jumatatu unapita kwenye ngazi zile kila asubuhi, na yeye amekaa pale na daftari juu ya magoti. Amekuona, na hajasema jina lako. Mulamba Ndaye alikaa karibu miaka 45 na karti ambayo haikuwa yake, mpaka kaburini. Huyu wa kwetu amekaa siku tisa. Ofisi ya Direkta inafunguliwa saa moja na nusu. Kama unaogopa kwenda peke yako, tuambie. Tutakusindikiza, sote wanne, na hatutakucheka.

Wenu,
Sisi wanne wa ukurasa wa michezo